Ufunguo wa Chumba cha Siri



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda leo tuzungumze, mama zangu, dada zangu na mabinti zangu, juu ya jambo ambalo miaka kumi nyuma lisingalipata nafasi katika ukurasa huu. Maswali yaliyonifikia siku hizi, mengine kwa barua na mengine kupitia kwa watu wa nyumbani kwangu, yanafanana. Mtu ana dhiki ya moyo. Amempata mshauri nasaha mwanamke, Mwislamu, anayeijua lugha yake na mila zake, lakini mshauri yuko Nairobi naye yuko Lamu. Au mshauri yuko Mombasa naye yuko Lungalunga na nauli ya kila wiki haimudu. Wamekubaliana waonane kwa video. Swali lililobaki ni moja: waonane kwa programu gani ili maneno yale yasitoke nje?

Iwapo inafaa kumwendea mshauri wa nafsi, hilo sitalieleza leo. Anayeumwa na jino hapimwi imani, na anayeumwa na moyo vilevile. Nataka nilijibu swali kama lilivyoulizwa, kwa sababu muulizaji ana haki ya kuogopa. Katika miji yetu neno likishatoka ndani halirudi. Mwanamke aliyemwambia mshauri wake kwamba tangu ajifungue hatamani hata kumshika mwanawe, ametaja dalili ya maradhi yanayotibika. Neno hilohilo likifika barazani litamfuata yeye na mwanawe mpaka siku za posa. Binti aliyedhulumiwa utotoni hana mzigo mzito kuliko ule anaoutua katika saa ile moja. Hiyo ni amana, na mwenye kuweka amana ana haki ya kuuliza itahifadhiwa wapi.

Zamani mtu wa Lamu akitaka kumpelekea nduguye aliyeko Unguja jambo la siri alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuliandika, akaikunja barua, akaitia lakiri, akampa nahodha. Nahodha huibeba bandari hadi bandari asijue kilichomo. Ya pili ni kumwambia nahodha mwenyewe kwa mdomo na kumsihi asimwambie mtu. Nahodha huyo wa pili huenda akawa mcha Mungu asiye na mfano, lakini siri sasa imo kifuani mwake. Akitishwa, akihongwa, au akijisahau tu barazani, imetoka.

Programu za video zimegawanyika hivyo hivyo. Ziko ambazo picha na sauti yako hufungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mshauri wako tu. Kampuni iliyo katikati hubeba furushi isiloweza kulifungua. Wataalamu huita hali hiyo usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Ziko na nyingine ambazo furushi hufungwa linapokuwa njiani, mwizi wa barabarani asiweze kulisoma, lakini likifika kwenye mitambo ya kampuni linaweza kufunguliwa, kwa kuwa kampuni ina ufunguo. Zote mbili hujinadi kuwa ni salama, wala hakuna muuza samaki aliyewahi kusema samaki wake wameoza. Kwa hiyo usiulize kama programu ni salama. Uliza ufunguo uko kwa nani.

Kwamba swali hilo lina maana, tulionyeshwa mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani na dunia nzima ikakimbilia Zoom. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwaambia wateja kwamba mikutano yake imefungwa mwisho hadi mwisho. Novemba mwaka huo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mapatano nayo baada ya kuituhumu kwamba, tangu angalau mwaka 2016, maneno hayo hayakuwa ya kweli: funguo zilikuwa mikononi mwa kampuni yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2020, Zoom ilikuwa imeanza kuleta usimbaji wa kweli wa mwisho hadi mwisho, nao upo hadi leo. Lakini haujiwashi wenyewe. Mwenye kikao, yaani mshauri wako, ndiye anayeuwasha katika mipangilio, na wengi hawajapata hata kuambiwa kwamba upo. Ukiwashwa, kikao hakiwezi kurekodiwa katika hifadhi ya kampuni, wala mtu hawezi kuingia kwa kupiga simu ya kawaida. Kwetu sisi hayo si mapungufu, ndiyo tunayoyataka.

WhatsApp, ambayo nyote mnayo, imefunga ujumbe na simu zake mwisho hadi mwisho tangu Aprili 2016. Kwa mazungumzo ya video ya watu wawili, hiyo ni barua iliyotiwa lakiri. Kampuni haiyasikii mliyoyasema, ingawa inajua nani alimpigia nani na saa ngapi. Signal hutumia ufundi wa asili hiyohiyo, na inaendeshwa na wakfu usiotafuta faida ambao huhifadhi habari chache mno za watumiaji wake. Nikiulizwa mimi, kwa mshauri na mgonjwa mmoja ningechagua Signal iwapo wote wawili wako tayari kuiweka, na WhatsApp iwapo hawako tayari. Google Meet katika mikutano yake ya kawaida ni nahodha wa pili: hufunga njiani, na ufunguo unao yeye. Huenda akawa mwaminifu, na mashirika makubwa humtumia kila siku, lakini mjue mmempa nini. Telegram inasifiwa sana na vijana kwa usiri wake. Simu zake za watu wawili kweli zimefungwa, ila ujumbe wake wa kawaida wa maandishi haukufungwa mwisho hadi mwisho, na mtu humwandikia mshauri wake mengi kabla na baada ya kikao. Hiyo nisingeichagua.

Ziko pia programu zilizotengenezwa kwa ajili ya matabibu peke yao, kama Doxy.me ya Marekani. Mshauri hukutumia kiungo, ukakibonyeza, kikafunguka katika kivinjari cha simu bila ya kuweka programu mpya wala kujisajili. Kwa mwanamke ambaye simu yake hushikwa na watu wengi, faida yake ni kubwa: hapana alama mpya kwenye uso wa simu itakayomfanya mtu aulize. Hubaki historia ya kivinjari tu, nayo hufutwa kwa dakika moja.

Jambo dogo kuhusu fedha, lakini limewaliza watu. Zoom ya bure hukata kikao kikifika dakika 40. Kikao cha mshauri kwa kawaida ni dakika 50 au saa nzima, na lile neno zito mtu hulisema mwishoni, akishajikaza. Video ikakatika hapo hapo. Mshauri anayelipwa kwa kazi yake hana budi kulipia chombo chake cha kazi, kama fundi anavyonunua msumeno.

Tena iko hodi. Sura An-Nur, katika aya ya 27, imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwasalimie wenyewe. Mwaka uleule wa 2020 watu wasiojulikana walikuwa wakijitosa katika mikutano ya Zoom, hata madarasa ya watoto, wakaonyesha machafu, kwa kuwa viungo vya mikutano vilisambazwa ovyo na mlango haukuwa na komeo. Dawa yake ni nyepesi. Mshauri awe na chumba cha kungojea, ambamo kila anayekuja husimama mpaka akaribishwe, na kila kikao kiwe na kiungo chake. Mshauri anayetumia kiungo kimoja kwa wagonjwa wote ipo siku mgonjwa wa saa nne atamkuta wa saa tatu bado analia.

Kurekodi nakuhofu kuliko yote niliyoyataja. Aprili 2020 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba maelfu ya video zilizorekodiwa kwa Zoom zilikuwa zikipatikana wazi mtandaoni kwa yeyote ajuaye kutafuta, na miongoni mwake vikao vya tiba ya nafsi vya mtu na mshauri wake. Hakuna aliyeuvunja mlango wa Zoom. Watu walirekodi wenyewe, wakaziweka video hizo katika hifadhi za mtandaoni bila ya neno la siri, na majina ya mafaili yalifanana yote, hivyo aliyelijua moja aliweza kuyatafuta mengine. Kikao kisichorekodiwa hakiibiki kesho. Mshauri akisema anarekodi ili ajifunze au ili amwonyeshe msimamizi wake, una haki ya kukataa na asikunyime matibabu. Na wewe msomaji usirekodi kwa siri. Najua baadhi hufanya hivyo ili wasikilize nasaha tena. Chukua kalamu uandike mawili matatu, kisha ukifaidika nayo yachane.

Tuseme sasa kwamba programu ni njema, hodi ipo na hakuna aliyerekodi. Bado liko kabati. Ninaliita kabati kwa sababu mshauri huandika: jina lako, umri, ulichosema, anachokidhania. Maandishi hayo yako wapi?

Ufini ilikuwapo kampuni iliyoitwa Vastaamo, yenye vituo vya tiba ya nafsi katika miji mbalimbali ya nchi hiyo. Wagonjwa wake wengi hawakuwahi kuhitaji video. Walikaa chumbani ana kwa ana na mshauri, mlango umefungwa, wakasema yao wakaenda zao. Kumbe mshauri alipokuwa akiandika, maandishi yaliingia katika hifadhi ya kompyuta ambayo kampuni haikuilinda ipasavyo. Mdukuzi akaingia akayachota yote. Oktoba 2020 jambo likajulikana: aliitaka kampuni imlipe kiasi cha yuro 450,000 kwa sarafu ya bitcoin. Alipokosa, akaanza kuyaanika maandishi ya vikao mtandaoni, kundi baada ya kundi. Kisha akawageukia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja kwa barua pepe, akiwataka yuro 200 kila mtu la sivyo naye ataanikwa. Walioguswa ni watu wapatao 33,000, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hebu wazia barua ile inavyofunguliwa. Mtu yuko kazini au jikoni, mgeni asiyemjua amemtajia jambo ambalo hajamwambia hata mamaye. Kampuni ikafilisika. Aprili 2024 mahakama ilimhukumu kijana mmoja wa nchi hiyohiyo kifungo cha miaka 6 na miezi 3, lakini hukumu hairudishi neno kinywani.

Nimekaa sana katika kisa hiki kwa sababu watu hushughulika na dirisha wakalisahau kabati. Mshauri wa kwetu huenda akawa na daftari la kurasa mia analolifungia mtoto wa meza, na daftari hilo likawa na sitara kuliko mtambo wa Ufini. Au huenda akawa anaandika yote katika simu yake, simu isiyo na neno la siri, na wanawe wakiichezea jioni. Muulize. Jina langu unaliandika kamili au kwa alama? Maandishi unayaweka wapi? Mwingine nani huyaona? Utayafuta lini? Mshauri mwenye elimu hatachukia maswali haya, alifundishwa kuyatarajia.

Na kabla ya kabati iko fomu. Majukwaa makubwa ya ng'ambo yanayomtafutia mtu mshauri huanza kwa maswali: una huzuni, umewahi kutaka kujidhuru, unakunywa dawa gani? Mtu hujibu kwa uaminifu akidhani anamjibu daktari. Mwaka 2023 Tume ileile ya Marekani iliiamuru BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwa ilizipa kampuni za matangazo, Facebook na Snapchat zikiwamo, barua pepe na habari za watu waliojaza maswali ya namna hiyo, hali iliwaahidi kuwafichia. Tahadharini na dodoso za bure. Mkitafuta mshauri, anzeni kwa mtu anayejulikana: hospitali ya rufaa, daktari wenu, au mshauri ambaye Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inamtambua.

Sheria ya nchi yetu nayo haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti, na wanaotoa huduma za afya wanatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata wakiwa wadogo. Una haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yako na kutaka kirekebishwe. Siri za wagonjwa zikivuja, aliyezishika anatakiwa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72, nawe unaweza kumpelekea Kamishna malalamiko. Ni vyema kuyajua hayo, ingawa mwenye kuvuliwa nguo sokoni hafarijiwi sana na kesi.

Sasa tuje nyumbani, na hapa nawaomba subira, kwa sababu huku ndiko siri za watu wetu zinakotokea. Sijasikia mdukuzi wa Ulaya aliyekuja kumsaka mwanamke wa Kisauni. Nimesikia sana habari za shemeji aliyesoma ujumbe.

Simu yako ina neno la siri, je, nani analijua? Ikiwa mtoto wa miaka minane hulifungua ili atazame katuni, basi nyumba nzima inalijua. Libadilishe. Fungua WhatsApp, uende penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utazame kama kuna kompyuta usiyoitambua. Wengi walikwenda saiba kuchapisha cheti, wakaunganisha akaunti yao, wakaondoka wakaiacha wazi. Zima arifa zinazoonyesha maneno ya ujumbe simu ikiwa imefungwa. WhatsApp ina njia ya kuyafunga mazungumzo ya mtu mmoja kwa neno lake la siri, itumie kwa mshauri wako. Na nakala za akiba za mazungumzo, zile zinazopanda Google kila usiku, hazifungwi mwisho hadi mwisho mpaka uziwashie ulinzi huo mwenyewe. Umekuwapo tangu 2021. Barua ulitia lakiri, kisha nakala yake ukaitundika ukutani.

M-Pesa wengi huisahau. Umeficha yote, halafu ujumbe wa malipo ukaingia na jina zima la kituo cha ushauri, siku ileile kila wiki. Muulize mshauri ni jina gani litokalo ukilipa, kabla hujalipa mara ya kwanza.

Sauti nayo. Visikizio vya masikioni huficha maneno ya mshauri, havifichi yako. Nyumba zetu za Majengo kuta zake nyingi hazifiki paa, na anayenong'ona chumba cha kwanza husikika chumba cha nne. Majumba ya mawe ya Lamu na Mji wa Kale kuta zake ni nene, lakini madirisha yanatazamana na kichochoro kina masikio. Chagua saa. Baina ya Alasiri na Magharibi watoto wako chuoni na nyumba hupumua. Weka redio au feni mlangoni. Mwenye gari akae ndani ya gari, mahali penye watu asihofu. Neno ambalo haliwezi kusemwa kwa sauti liandike kwenye kisanduku cha ujumbe hali mnatazamana, mshauri ataelewa. Na mkubaliane tangu siku ya kwanza juu ya neno moja la kawaida, tuseme "nimeweka maji jikoni", likimaanisha kwamba mtu ameingia na mazungumzo yageuzwe.

Ziko wifi mbili za kuchunga. Ile ya ukutani, ikiwa ni ya nyumbani na ina neno la siri, si hatari kubwa kwa kikao kilichofungwa mwisho hadi mwisho. Ya hotelini na uwanja wa ndege iacheni, tumieni data ya simu yenu. Yule wifi mwingine, dada wa mume, mnamjua wenyewe.

Kuhusu data, video ya saa moja hula nusu gigabaiti au zaidi. Ikikatika mara tatu, zimeni picha mwendelee kwa sauti. Hakuna kitu cha maana kitakachopotea, na wako wanaosema vizuri zaidi wasipotazamwa.

Nimeulizwa pia na wanaume, na swali lao nalijibu hapa hapa: je, mume ana haki ya kukaa asikilize? Mimi naona mume anayestahi atapenda kujua kwamba mkewe anatibiwa, na pengine atalipa. Lakini yanayosemwa mle ndani ni ya mgonjwa na tabibu wake. Hatuingii na wake zetu chumba cha kujifungulia tukamwamuru mkunga. Wazazi wa vijana nao ni hivyohivyo: mzazi azungumze na mshauri kabla, wakubaliane ni mambo gani lazima aambiwe, kama hatari ya kijana kujidhuru, kisha atoke aufunge mlango. Na anayeona uzito kuzungumza peke yake na mshauri mwanamume, atafute mwanamke. Siku hizi wapo, na video imewaleta karibu.

Haya yote ni ya nyumba yenye udaku wa kawaida. Ikiwa nyumbani yuko mtu anayepiga, anayekagua simu kila usiku, anayetishia kuua, basi hakuna programu nitakayokutajia. Signal haitakusaidia kitu mbele ya mtu aliyekushika mkono akakuamuru uifungue simu. Nenda ana kwa ana, kwa kisingizio cha kliniki ya mtoto ikibidi. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani pale Mombasa ina kituo cha kuwapokea waliodhulumiwa. Nambari 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto. Piga kwa simu ya jirani, isibaki alama katika yako.

Na mabinti zetu walioko Uarabuni wanaofanya kazi majumbani, ambao mama zao wameniandikia: Imarati simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi, ilhali ujumbe wa maandishi hupita. Msiwashauri wavunje sheria za huko kwa njia za uchochoroni, adhabu zake ni kali. Mshauri atafute programu inayoruhusiwa pale, au waandikiane. Na binti asitumie simu aliyopewa na mwajiri wala intaneti ya nyumba ile kwa mazungumzo haya akiweza kujinunulia data yake.

Masheikh wenzangu nao wana fungu lao. Tunaletewa ndoa za watu katika simu zetu, kwa sauti zao wenyewe, saa sita za usiku. Sheikh akiusikiliza ujumbe ule kwa kipaza sauti msikitini baada ya Isha, watu wamekaa naye, ameitoa siri ya mja hata kama hakutaja jina. Sauti ina mwenyewe, na mji huu ni mdogo. Tusikilize kwa sikio, tujibu, tufute.

Aliyeomba nimwandikie maneno ya kumtumia mshauri kabla ya kikao cha kwanza, na mwingine anayeyahitaji, ayanakili haya:

"Assalamu alaykum, Bi Mshauri. Kabla ya kuanza naomba kujua: tutatumia programu gani, na je, imefungwa mwisho hadi mwisho? Utarekodi? Maandishi yangu utayaweka wapi, na nani mwingine atayaona? Nikilipa kwa M-Pesa litatokea jina gani? Mimi natumia simu ambayo wengine huigusa, kwa hiyo tafadhali usinipigie wala usiniandikie nje ya saa tuliyoagana. Naomba pia tujaribu kwa dakika tano siku moja kabla, tuone kama sauti inafika."

Akikujibu kwa utulivu jambo moja baada ya jingine, anza naye. Akikwambia usiwe na wasiwasi bila ya kukujibu, shukuru kwa adabu, utafute mwingine.